Kuni Kavu Zinapunguza Safari za Porini

Mvua zimekwisha, vumbi limeanza, na jua linapiga kuanzia asubuhi mpaka jioni. Huu ndio wakati mzuri wa kuongea juu ya kuni.

Labda mtu atasema: "Kuni! Kuna nini cha kuongea hapo? Kuni ni kuleta na kuwasha, basi." Hapana, ndugu. Chakula cha mgao tunakipokea kibichi. Unga, maharagi, vyote vinangoja moto. Na moto huo unatoka wapi? Unatoka kichwani pa mama au mtoto wa kike aliyebeba mzigo kutoka mbali. Kwa hiyo neno letu la mwezi huu ni moja tu: kila kijiti kilichokauka vizuri na kutumika vizuri kinapunguza safari za porini. Na kazi hiyo siyo ya mama peke yake. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu, maana yake jiwe moja la jiko halibebi chungu. Hata nyumba ni hivyo hivyo.

KAZI YENYE FURAHA YAKE

Kule kwetu, Fizi, Uvira, Baraka, na kwa ndugu zetu wa Makamba na Ruyigi, kuni zilikuwa sehemu ya maisha ya nyumba. Asubuhi unasikia shoka linalia kwa jirani. Jioni wazee wanakaa motoni, watoto wanachoma muhogo au mahindi, hadithi zinaanza. Nyumba yenye rundo la kuni ukutani ilionekana nyumba yenye wenyewe. Mgeni akifika usiku, hakuna wasiwasi, chungu kinapanda jikoni.

Hapa kambini wababa wengi wanalalamika kwamba mikono imekosa kazi. Shamba hakuna, ng'ombe hakuna, na kutoka bila ruhusa ni matatizo. Mtu akikaa tu, mawazo yanamla. Sisi tunawaambia: anzeni na uwanja wa nyumba. Kupasua kuni, kuzipanga, kusafisha ua, kuchimba shimo la mti, hizo ni kazi ambazo mtu anaona matunda yake siku ile ile. Umeanza na gogo lenye vifundo, umemaliza na rundo lililonyooka, jasho limetoka, usiku unalala vizuri. Tena watoto wanaona baba yao akifanya kazi. Hilo nalo ni somo kwao, hata kama halina daftari.

Msiseme kuni ni kazi ya wanawake. Nani aliandika hivyo? Anayekula ugali na sombe amekula pia kuni zilizoivisha.

MAMBO YA PORINI

Wale waliofika Nyarugusu mwaka 1996 wanakumbuka vile miti ilikuwa karibu. Mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walipofika kwa maelfu, vyungu viliongezeka sana na miti haikuongezeka. Leo mwenye kutafuta kuni anatembea mbali, na njiani kuna hatari. Tunajua sote mambo yanayowapata wamama na wasichana porini, hata kama watu wanayasema kwa sauti ndogo.

Basi tukubaliane hivi. Msichana asiende peke yake hata siku moja. Watu waende kundi, wababa na kaka wakiwa pamoja nao. Kabla ya kuondoka, semeni nyumbani mnapita njia gani na mtarudi saa ngapi. Msitoke kabla jua halijatoka, na msingoje giza. Kama saa mliyosema imepita na hamjarudi, walio nyumbani wasikae kimya, wamwambie mwenyekiti wa kijiji na walinzi mara moja.

Na kama baya limetokea? Aliyefanyiwa ubaya hana kosa. Asiulizwe alivaa nini au kwa nini alikwenda. Apelekwe hospitali haraka, siku ile ile kama inawezekana. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72, yaani siku 3, na ikianza mapema ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kusaidia mpaka siku 5, lakini nayo usiichelewe. Majeraha na magonjwa mengine pia yanatibiwa. Kwanza tiba, maneno ya watu baadaye.

Jambo la pili la porini ni miti yenyewe. Tunaokota kuni zilizokauka na matawi yaliyoanguka. Hatukati mti mbichi. Visiki vya miti ya miombo tusiving'oe, maana miti hiyo inachipua tena kwenye kisiki na kwenye mizizi. Ukikiacha kisiki, miaka michache ijayo unaona machipukizi marefu. Ukiking'oa, umeng'oa kuni za mtoto wako na za mtoto wa mwenyeji.

Tukumbuke pia sisi wenyewe tumewahi kuwa wenyeji. Mwaka 1994 wakimbizi wengi sana wa Rwanda walifika Goma, na kambi za Mugunga, Kibumba na Katale zilikuwa karibu na Hifadhi ya Virunga. Watu walihitaji kupika, kama sisi tunavyohitaji leo, na kila siku walikata miti ndani ya hifadhi. Mwaka huo huo UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Wenyeji wa Kivu waliona milima ikibaki uchi, na mioyo iliwauma. Basi mwenyeji wa Kasulu akituangalia na shoka begani, tunajua anawaza nini. Waha ni majirani zetu, lugha yao iko karibu kabisa na Kirundi. Tusiwape sababu ya kutuona kama nzige.

KUPASUA KUNI BILA KUUMIA

Sasa tuje uwanjani. Gogo nene halikauki vizuri na haliwaki vizuri. Lipasue. Kuni unene wa mkono wa mtoto zinatosha kwa jiko la nyumba. Kama umepata mti wa kununua au tawi la mti wako mwenyewe, usingoje likauke ndiyo upasue. Miti mingi migumu inapasuka kwa urahisi zaidi ikiwa bado na maji. Pasua kwanza, anika baadaye.

Angalia shoka kabla ya kuanza. Kichwa kikicheza kwenye mpini, acha, piga kabari mpaka kishike. Shoka butu ni hatari kuliko shoka kali, sababu linateleza juu ya mti na kuruka pembeni. Linoe kwa tupa au jiwe.

Weka gogo juu ya kisiki kipana, siyo juu ya udongo wala jiwe. Simama miguu imeachana, ili shoka likipita likutane na kisiki, siyo mguu wako. Vaa viatu kama unavyo. Tafuta ufa ulioanza wenyewe kwenye ncha ya gogo, piga hapo. Kwenye kifundo usipigane nacho, zunguka pembeni yake. Watoto wakae mbali, hatua 10 siyo nyingi, sababu kipande kinaweza kuruka mpaka jichoni. Ukichoka, pumzika. Watu wengi wanajikata wakati mikono imechoka na bado wanataka kumaliza gogo moja la mwisho.

KUKAUSHA NI NUSU YA KAZI

Hapa ndipo familia nyingi zinapoteza kuni bila kujua. Mti uliokatwa leo umejaa maji. Karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Maana yake mzigo wa kilo 20 unaweza kuwa na kilo 10 hivi za maji, na mama amebeba maji hayo kichwani akifikiri amebeba kuni. Ukiziweka motoni bado mbichi, moto unafanya kwanza kazi ya kuchemsha maji yaliyo ndani ya mti, ndiyo baadaye unakumbuka chungu chako. Unapata moshi mwingi na joto kidogo.

Kuni zilizokauka vizuri kwa hewa zinabaki na maji kidogo, sehemu 15 hadi 20 kwa 100. Kufika hapo kunahitaji muda, miezi, siyo siku mbili. Ndiyo sababu tunasema anzeni sasa kiangazi, ili mvua za Novemba zikianza muwe na akiba.

Namna ya kupanga ni hii. Laza miti miwili au weka mawe chini, ili kuni zisiguse udongo. Udongo unaleta unyevu na mchwa, na mchwa wa huku mnaujua, hauombi ruhusa. Panga kuni zikiwa na nafasi kati yake, hewa ipite. Ziweke mahali penye jua na upepo. Juu funika kwa bati bovu au kipande cha shitingi, lakini pembeni acha wazi. Ukifunika rundo lote kama unavyofunga mgonjwa kwa blanketi, kuni zinatoa jasho na kuoza. Chini ya upenu wa paa ni pazuri, ila rundo lisikaribie jiko. Na kabla ya kuchukua kuni kwa mkono, piga rundo kwa fimbo, maana nyoka na nge wanapenda kujificha hapo.

Utajuaje zimekauka? Ncha zina nyufa. Ganda linabanduka. Zimekuwa nyepesi. Ukigonga mbili pamoja zinalia kwa sauti kali, siyo sauti nzito ya kitu kilicholowa. Na ukiona povu linatoka kwenye ncha wakati zinawaka, ujue hizo bado mbichi, zirudishe kwenye jua.

Mti mmoja tunawakataza kabisa kuchoma au kupasua ovyo: minyaa, ule mti wa uzio wenye maziwa meupe. Maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kuharibu jicho. Pia msichome plastiki, viatu vya zamani au mbao zenye rangi ili kuwasha moto. Moshi wake ni sumu.

JIKO NA CHUNGU

Mafiga matatu ni ya mababu zetu na tunayaheshimu, lakini upepo ukipita, joto kubwa linakwenda kuwapasha kuku wa jirani. Mnaweza kujenga jiko la udongo bila pesa. Chukua udongo wa kichuguu, mchanga kidogo, majani makavu yaliyokatwa vipande vidogo, na maji. Kanyaga mpaka ishikane. Tengeneza donge na uliangushe kutoka kiunoni. Likivunjika, ongeza udongo wa kichuguu. Kama donge la majaribio likikauka linapata nyufa nyingi, ongeza mchanga. Jenga ukuta ukizunguka chungu chako chenyewe, acha mlango mdogo wa kuni, na nafasi ya upana wa kidole kati ya chungu na ukuta ili moto upande pembeni ya chungu. Likaushe kivulini wiki moja au mbili bila haraka. Likikaushwa kwa jua kali linapasuka.

Kwenye kupika kuna mambo manne yanayopunguza kuni leo leo. La kwanza, loweka maharagi usiku kucha, kisha mwaga maji hayo na upike kwa maji mapya. La pili, funika chungu. La tatu, chungu kikishachemka punguza moto. Maji yakichemka kwa fujo hayaivishi haraka kuliko yanayochemka polepole. La nne, ukimaliza vuta kuni nje na uzime kwa mchanga au majivu. Kile kipande kilichobaki ni cha kesho.

Kuna pia kapu la joto. Chukua kapu au boksi, jaza majani makavu au nguo za zamani, acha nafasi ya chungu katikati. Maharagi yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa, kisha funika chungu, kitie kapuni, kifunikwe vizuri pande zote, ukiache saa 3 au 4. Yanaendelea kuiva bila kijiti hata kimoja. Kabla ya kula yarudishe motoni yachemke tena. Wakati ule mama anaweza kwenda kisimani, kusoma, au kukaa tu apumzike. Kupumzika siyo dhambi.

Moshi msiuzoee. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao walikuwamo watoto wadogo wengi. Pikeni nje au kwenye jiko lililo wazi, na mtoto mgongoni asikae juu ya moshi. Mbabula yenye makala msiiingize ndani mkalala nayo kwa sababu ya baridi. Hewa yake haina harufu, na inaweza kuua nyumba nzima wakiwa usingizini.

PANDA KUNI ZA KESHO

Mama Wangari Maathai wa Kenya alianza kazi ya kupanda miti mwaka 1977. Moja ya sababu zake ilikuwa kuwasikia wamama wa vijijini wakisema kuni zimekuwa mbali na vijito vinakauka. Aliwafundisha wamama wa kawaida kutengeneza vitalu vyao wenyewe. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Watu wengine walishangaa, miti na amani vinahusiana nini? Sisi wa kambini hatushangai. Penye ugomvi wa kuni hakuna amani.

Hata kiwanja chetu kidogo kina pembe moja. Mlusina unakua haraka, ukikatwa unachipua, na majani yake mbuzi wanayapenda, ila msiwape hayo peke yake. Mbegu zake zimwagieni maji ya moto, ziache usiku mzima, ndiyo mpande. Msiuache utoe mbegu ovyo, maana unasambaa kama magugu. Mjohoro nao unachipua vizuri na kuni zake zina joto, lakini zina moshi, kwa hiyo zikauke sana. Majani yake ni sumu kwa nguruwe, mwenye nguruwe aangalie. Mgrivea unapunguzwa matawi kila mwaka na mti unabaki umesimama, unatoa kuni na kivuli pamoja. Mkaratusi unakua kwa haraka, lakini unakunywa maji mengi, usipandwe karibu na chemchemi wala bustani ya mboga.

Mbegu zikiingia kitaluni mwezi wa Agosti, miche inakuwa tayari mvua zikikolea. Msikate shina lote. Kateni matawi, au acheni kisiki kichipue.

Wengine watasema: "Mimi nitapanda mti, kesho nitarudi kwetu, nani atachoma kuni zake?" Swali hilo tunalielewa, kila mmoja wetu amelibeba. Lakini tumekula vivuli vya miti ambayo hatukupanda sisi. Ukiondoka, atapika mwingine, na atasema aliyekaa hapa alikuwa mtu. Na ukibaki, utapika wewe.

ZOEZI LA FAMILIA

Mwezi huu jaribuni hivi. Wiki ya kwanza pikeni kama kawaida, na watoto wahesabu mmetumia mafungu mangapi ya kuni. Waandike kwa makala ukutani. Wiki ya pili lowekeni maharagi, funikeni chungu, na tumieni kuni kavu tu. Wahesabu tena. Linganisheni hesabu mbili mkiwa mmekaa pamoja jioni, baba, mama na watoto. Kisha gawaneni kazi: nani anapasua, nani anapanga, nani anamwagilia mche, nani anamsindikiza dada porini.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kitalu, namna ya kutumia mifuko ya mgao na makopo kama vyungu vya miche. Wenye mbegu waanze kuzikusanya. Tunawatakia kiangazi chema, moto usio na moshi, na watoto wote warudi nyumbani salama kabla ya giza.